Mashine Iliyoombewa

Programu ya mazishi ya Bwana Makokha imechapishwa kwa karatasi nzito inayong'aa, ile ambayo ukiishika kwa mkono wenye jasho inanata vidoleni. Nilipewa mlangoni mwa kanisa na msichana aliyevaa utepe wa zambarau, nikaifungua nikiwa bado nimesimama. Bwana Makokha siku ya harusi. Bwana Makokha ufuoni Mombasa, suruali imekunjwa hadi magotini. Bwana Makokha na keki, Bwana Makokha na wajukuu, Bwana Makokha akizindua choo cha shule fulani. Kila ukurasa anacheka. Sikwenda pale kumlilia, na sitaki mtu anidhanie wema. Nilikwenda kwa sababu Kizito, mpwa wake, alinipigia simu baada ya miaka mingi ya kimya akasema, "Wambui, mzee ameenda. Kuja basi, hata kama ni kwa ajili yangu," nami nikataka kusikia kama kuna mtu atakayeitaja ile kompyuta. Ilitajwa. Mchungaji alisimama akasimulia habari za mashine iliyowekwa wakfu mtaani Baba Dogo, Nairobi, ikakaa karibu mwaka mzima bila kuzimwa hata mara moja, na waumini wakaitikia amina. Nilitoka nje nikatema mate kwenye maua.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ulioanza na mvua za El Niño. Nilikuwa nimetoka tu chuo cha uhazili, nimepanga chumba kimoja Dandora, upande ule ambao upepo ukigeuka huhitaji kuambiwa jalala la jiji zima liko wapi. Watu husema harufu huzoeleka. Waongo. Mimi sikuwahi kuizoea. Ilikuwa ndani ya unga, ndani ya shuka, ndani ya nywele zangu. Mvua zilipokolea, maji meusi yalitiririka kutoka kule juu yakapita mbele ya mlango wangu yakibeba vitu ambavyo sitavitaja, na mama mwenye nyumba akatuwekea matofali ya kukanyagia kana kwamba ni zawadi. Nikichemsha chai nilikuwa nakunywa jalala. Asubuhi nilitembea hadi Baba Dogo nikiwa na viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, na nilipofika nilinawa miguu kwenye bomba la fundi wa kuchomea vyuma aliyekuwa chini ya ofisi yetu. Nilifikiri ninaacha uchafu nyuma na kupanda ngazi kuelekea mahali safi. Nilikuwa na umri wa kuamini mambo kama hayo.

Ofisi ya Bwana Makokha ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye zulia la kijani, na mlangoni palikuwa na kibao: VUA VIATU. Wakati huo kila aliyemiliki kompyuta aliamini kwamba vumbi ndilo linaloleta virusi. Wateja wetu walikuwa wafanyakazi wa viwandani, wanaume waliosimama zamu nzima ndani ya mabuti ya mpira, nao walikuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi au kadi ya harambee, wakavua mabuti hayo mlangoni, wakaingia na soksi zao. Madirisha hayakufunguliwa kamwe, kwa sababu ya vumbi. Basi hebu fikiria mchana wa joto, soksi za kiwandani, zulia lililoloa, na Bwana Makokha akipita nyuma yetu na kitambaa cheupe akipangusa viti. "Usafi ni nusu ya ibada, Wambui," alikuwa akiniambia, huku nikipumulia mdomoni. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa mashati meupe na kucha zilizokatwa vizuri, na alipokuwa akinisalimia asubuhi alinipa ncha za vidole tu kwa vile alijua ninakolala.

Kompyuta kubwa ilikaa mwisho wa chumba ndani ya kabati la kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sisi wengine tulikalia skrini kuukuu zilizounganishwa nayo kwa waya, kwa hiyo kila tulichoandika kilihifadhiwa mle kabatini, kwenye diski moja. Kizito, ambaye alikuwa chuo kikuu na karo yake ililipwa na mjomba, ndiye aliyeleta mfumo uitwao Linux kwenye sidii, akauweka. Bwana Makokha hakuelewa ni nini, ila alisikia ni wa bure. Siku ya kuiwasha aliita mchungaji. Tulisimama kwenye zulia bila viatu, tukaimba pambio, mchungaji akapaka kabati mafuta, na Kizito kwa ujinga wa kutaka kusifiwa akasema, "Hii si kama zile zingine, uncle. Hii inaweza kukaa mwaka mzima haijazimwa." Afadhali angenyamaza. Jumapili iliyofuata Bwana Makokha alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba mashine iliyoombewa haizimwi, na kuanzia hapo ikawa kila Jumapili: wiki ya ngapi, na stima zilipotea mara ngapi mtaani, na mashine bado inawaka. Alinunua betri ya lori akaificha chini ya meza pamoja na kifaa cha kugeuza moto wake uwe umeme kama stima ya nguzoni. Betri hiyo haikutajwa kwenye ushuhuda.

Kila asubuhi saa moja na nusu Mama Nekesa alipanda na ndoo ya uji. Alikuwa akiuza uji langoni mwa kiwanda kilichokuwa mkabala nasi, uji wa wimbi uliochachushwa kidogo, mzito wa kushika mdomo, na kwetu alileta vikombe vya mwisho kabla ya kurudi kuosha vyombo. Binti yake, Nekesa, hakuwa ametimiza umri wa shule. Kazi yake ilikuwa kubeba vikombe na kukasirika. Sijawahi kuona mtoto mwenye hasira nzuri kama yule. Ukichelewa kurudisha kikombe alikukazia macho mpaka unameza uji wa moto. Kwangu mimi, nusu saa hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha siku na mazungumzo ya siku. "Wambui, umekonda kama uzi. Hawa watu wa Dandora wanakula nini?" aliniuliza Mama Nekesa, na mimi nikamjibu, "Moshi, mama." Akacheka, akaniongeza kijiko. Bwana Makokha hakutaka waingie. Walikaa kwenye ngazi, na sisi tulinywa tumesimama mlangoni, mguu mmoja zuliani na mmoja nje.

Zile mvua zikiishia, homa ilipita mitaani na Nekesa akafa. Sitasema zaidi kuhusu siku zile. Mama yake alikuja bila ndoo, ameshika picha moja, ya pekee aliyopigwa yule mtoto maisha yake yote, na mpiga picha wa barabarani siku ya Krismasi. Ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia, mkunjo umepita katikati ya uso, na doa la uji limekaa shavuni. Mimi ndiye niliyetengeneza programu za mazishi pale, na familia nyingi za magharibi ya Kenya zilizosafirisha wapendwa wao kuwazika kwao zilipitia mikononi mwangu. Niliiingiza picha ile kwenye mashine kwa ukubwa wote ambao skana ingeweza, nikaisafisha nukta moja baada ya nyingine. Nilifuta mkunjo. Nilifuta doa. Nilitumia siku mbili nikiwa nimesogelea jicho la mtoto lililojaza skrini nzima, nikijua kila unywele wa nyusi yake. Kwenye programu zenyewe, zilizotolewa fotokopi kwa haraka, uso ulitoka mweusi tu. Picha ya asili walikwenda nayo kwao Bungoma, wakaitia ndani ya plastiki na kuigongomea msalabani, kwa kuwa huko ndivyo walivyofanya wengine. Mvua za mwezi wa nne ziliila. Mama Nekesa aliporudi aliniambia, "Desemba tutakusanyika kaburini kumkumbuka. Nitataka ile kubwa, ya rangi, na fremu. Uniwekee mtoto wangu humo ndani." Nikamwambia yuko humo.

Sasa, kilichotokea kilianzia kwenye usafi wa Bwana Makokha. Katikati ya mwaka Kizito alimfundisha jinsi ya kuangalia ukubwa wa faili, na mzee akaona moja kubwa kupita zote. Ilikuwa ya ile programu ya kutuma faksi. Laini yetu ya simu ilikuwa mbovu, na kila ilipokataa, programu ile iliandika malalamiko yake kwenye faili hiyo, usiku na mchana, kurasa kwa kurasa za manung'uniko ambayo hakuna mtu angeyasoma. "Takataka," alisema Bwana Makokha, akatuita sote tuje tuone, akaifuta kwa mkono wake mwenyewe huku kidole kidogo kimeinuliwa juu. Tukapiga makofi. Jina la faili likatoweka. Nafasi haikuongezeka, lakini nani alikuwa na habari ya kuangalia? Wiki zikapita, na nafasi kwenye diski ikaanza kupungua.

Mwanzoni ni mambo madogo. Barua inakataa kuhifadhiwa, unafuta mbili za zamani, inakubali. Halafu unafuta kumi. Halafu mashine ya kuchapa ikaanza kugoma, kwa kuwa kila ukurasa ulipaswa kwanza kupumzika kwenye diski kabla haujafika kwenye karatasi, na pa kupumzika hapakuwa tena. Wateja wakasimama na soksi zao wakinung'unika. Kizito aliitwa kutoka chuoni. Alipiga amri moja, mashine ikajibu kwamba diski imejaa pomoni. Akapiga nyingine, ya kujumlisha faili zote zilizomo, jumla haikufika hata nusu ya diski. Akarudia. Akakuna kichwa. "Manze, hesabu imekataa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kuna kitu kinakula space na hakionekani." Kisha akamgeukia mjomba. "Uncle, sijui ni nini, lakini tuizime mara moja tu, alafu tuwashe, tuone."

Bwana Makokha alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo. "Kuzima?"

"Dakika tano tu."

"Jumapili ni Siku ya Shukrani. Nimeshamwambia mchungaji. Kanisa lote linajua mashine haijazimwa tangu ilipoombewa. Unataka nisimame niseme nini, kwamba Mungu alichoka?"

Kizito akatazama zulia. Karo yake ilikuwa hapo zuliani. Nami nilikuwa nimerudi kwenye kiti changu, nimewapa mgongo, nikasikia yaliyofuata kutoka kule kwenye kabati la kioo. Mzee aliuliza ni faili zipi kubwa zaidi zilizobaki. Kizito akasema ni picha. Picha gani? Za marehemu, zile za Wambui. Kisha nikasikia sauti ya mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitaka. "Si unaona? Nimeombea mashine, halafu huyu msichana anaijaza wafu. Hii imekuwa nyumba ya maiti." Akasema pia kwamba alishangaa tangu mwanzo harufu fulani ilikuwa ikitoka wapi mle ndani. Watu wa soksi walikuwa wamejaa chumba kizima, lakini harufu ilikuwa yangu.

Niliinuka nikaenda kwao. Nilimwambia Bwana Makokha kwamba nyingine zote afute, wenyewe wana nakala nyumbani, ila ya Nekesa isiguswe, hakuna nyingine duniani. Nilijaribu kuiweka kwenye disketi mbele yake, ikakataa kuingia, kubwa kuliko disketi. Nilijaribu kuichapa, mashine ikagoma, diski imejaa. Nilimwomba asubiri mpaka Jumatatu, Kizito alete kifaa kingine chuoni. Kizito akasema, "Naweza, uncle, Jumatatu asubuhi." Bwana Makokha alikuwa tayari amekalia kiti, ametandaza kitambaa cheupe juu ya kibodi ili vidole vyake visiguse mahali vyangu vilipogusa. "Huyo mtoto yuko na Bwana," alisema. "Hahitaji kukaa kwenye kompyuta yangu." Akafuta folda nzima. Mfumo ule haukuuliza mara mbili, wala haukuwa na kapu la kurudishia. Kidole kidogo kilikuwa juu.

Nafasi iliyopatikana ilikwisha kabla ya mwezi kuisha. Kisha nguzo ya stima ikaanguka Baba Dogo ikalala chini wikendi nzima, betri ya lori ikakauka, na mashine iliyoombewa ikazimika peke yake bila mtu kuiaga. Jumatatu stima ziliporudi ikawaka, na diski ilikuwa tupu zaidi ya nusu. Bwana Makokha alipiga magoti kwenye zulia. Kanisani alisema kwamba alipoondoa roho za wafu, Bwana alirudisha nafasi mara mbili. Kuhusu kuzimika, kimya. Naye akaendelea kuhesabu wiki kana kwamba ile wikendi haikuwapo.

Kizito alikwenda akamuuliza mhadhiri wake, akarudi kunieleza tukiwa ngazini, mahali pa uji. Alikuwa anacheka kwa mshangao wa mtu aliyejifunza kitu kizuri, na hilo sijamsamehe kabisa. Kwenye mfumo ule, alisema, ukifuta faili wakati programu bado inaiandika, unachofuta ni jina tu. Faili yenyewe inabaki, haina jina, haionekani ukijumlisha, na inaendelea kunenepa mpaka programu iachilie. Ile takataka ya faksi iliyofutwa mbele yetu sote haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa mle ndani miezi yote, ikinung'unika na kunona. "Na hata hakukuwa na haja ya kuzima mashine nzima," alisema. "Ungesimamisha tu ile programu ya faksi, uianzishe tena. Space yote inarudi. Hata ushuhuda wa mzee haungeguswa."

Nilishuka ngazi nikatapika karibu na bomba la fundi. Sisemi hivyo kupamba habari, nilitapika uji wote. Takataka iliyofutwa ilikataa kwenda, na mtoto aliyefutwa akaenda mara moja bila ubishi. Nimefanya kazi na kompyuta maisha yangu yote tangu hapo, nimepandishwa vyeo kwazo, na bado nikifikia kitufe cha kufuta, tumbo langu hukumbuka. Nilimwambia Bwana Makokha alichoeleza Kizito. Nilidhani atashtuka. Aliendelea kupangusa kiti. "Hayo ni maneno ya kitaalamu," akasema. "Mimi nilichoona nimekiona." Mwisho wa mwezi huo niliacha kazi.

Kabla sijaondoka Mama Nekesa alikuja na fremu. Alikuwa ameinunua sokoni Gikomba, ya mbao, na ameshaipaka rangi ya dhahabu yeye mwenyewe. Ilikuwa imemwagika kidogo kwenye kucha zake. Nilimkalisha kwenye ngazi nikamwambia yote, nani alifuta na kwa nini, na kwamba haitarudi. Sikumficha jina la mtu. Bwana Makokha alikuwa upande wa pili wa mlango na najua alisikia, kwani kitambaa kilinyamaza. Hakutoka. Mama Nekesa aligeuza fremu magotini, akatazama kupitia katikati yake kwenye miguu yake, kwa muda mrefu. Nilingoja alie au anipige, na lolote lingekuwa haki.

"Wewe ulimtazama sana kuliko mtu yeyote," alisema mwishowe. "Mimi naanza kuchanganya. Nikifunga macho namwona akiwa mgonjwa tu. Kwenye ile picha, alikuwa anacheka?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana, mama," nikamwambia. "Alikuwa amekunja uso. Mdomo wa chini umetoka nje hivi, na nyusi ya kushoto imeshuka kuliko ya kulia. Alikuwa anamwangalia mpiga picha kama anayetaka kumpiga."

Akafunga mdomo kwa kiganja, na kitu kikatoka nyuma ya kile kiganja ambacho kwanza nilidhani ni kilio. Ilikuwa kicheko. "Soda!" alisema. "Alitaka soda, nikamwambia picha kwanza. Alikasirika mpaka tukafika nyumbani. Eh, Nekesa! Alikasirika mpaka akalala na hasira yake!" Akacheka na machozi yakishuka, akinishika goti, akirudia neno soda. Halafu akainuka, akaweka fremu tupu ndani ya ndoo ya uji, akashuka ngazi. Desemba alikwenda nayo Bungoma. Alichotia ndani yake sikuwahi kujua.

Nimeandika haya usiku uleule wa mazishi, programu ya Bwana Makokha ikiwa mezani mbele yangu, bado inanata. Nimeipitia tena yote, nikitafuta japo picha moja ambayo amekunja uso, kama watu. Hakuna. Nimeitoa nje nikaitia kwenye pipa, juu ya maganda ya ndizi. Kesho asubuhi lori la taka litapita, na taka za mtaa huu bado zinapelekwa Dandora.